Boha, Kangara na Wanzuki: Mwongozo wa Mnywaji wa Handeni na Korogwe

Chupa ya bia ya Ubelgiji hujieleza yenyewe. Lebo yake inataja kiwanda, mji, nguvu ya kilevi na tarehe, na kiwanda chenye fahari na kazi yake hutengeneza hata glasi ya umbo maalumu kwa ajili ya bia hiyo moja. Kopo la boha unalopokea Bungu, au la kangara unalopokea Mkata, halina lebo. Yote ambayo lebo ingesema yako kichwani mwa mama aliyeipika, na huwezi kuyapata bila kumuuliza. Kwa hiyo, kabla hujanywa pombe yoyote ya kienyeji katika wilaya hizi mbili, jizoeze kuuliza mambo manne: imepikwa kwa kitu gani, imepikwa lini, imechachia kwenye chombo gani, na nani ameipika. Maswali hayo yatakusaidia kupata pombe tamu. Yatakusaidia pia kubaki salama.

Ubelgiji naitaja kwa sababu mbili. Kwanza, iko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Safari na Kilimanjaro zinazouzwa kwenye baa za Segera, Kabuku na Manundu hutengenezwa na TBL, na tangu Oktoba 2016 mmiliki mkuu wa TBL ni kampuni ya AB InBev, ambayo makao yake yako katika mji wa Leuven, Ubelgiji. Pili, nchi hiyo ni kubwa kidogo tu kuliko Mkoa wa Tanga, lakini imeheshimu pombe za vijiji vyake kiasi kwamba Novemba 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Wabelgiji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Bia nyingi kati ya hizo zilianza kama zetu: wakulima walitumia nafaka ya shambani kwao, na kila kijiji kilikuwa na chachu yake na mpishi wake. Wenzetu walizipa majina, wakaandika namna zinavyopikwa, wakakataa kuzionea haya.

Boha: uliza siku

Anza na boha, maana kwa upande wa Korogwe ndiyo yenye mizizi mirefu. Ni pombe ya Wasambaa, na malighafi yake ni muwa. Bungu na Vugiri ziko wilayani Korogwe, lakini kwa ardhi na hali ya hewa ni milima ileile ya Usambara inayoendelea hadi Lushoto, na miwa ni sehemu ya mashamba ya huko tangu zamani. Miwa humenywa, hukatwa, hutwangwa kinuni au hukamuliwa kwa mashine, kisha juisi huchujwa na kuwekwa mahali penye joto pamoja na chachu ya pombe iliyotangulia.

Juisi ya muwa tayari ina sukari, na chachu hula sukari moja kwa moja. Haihitaji kimea wala kuchemshwa kwa saa nyingi kama pombe ya nafaka. Ndiyo sababu boha huiva haraka, na ndiyo sababu huharibika haraka. Siku ya kwanza ni kinywaji kitamu chenye povu jembamba na kilevi kidogo. Siku ya pili utamu umepungua, kilevi kimepanda, na ulimi unahisi mchomo mdogo wa hewa. Siku ya tatu vijidudu vya siki vinaanza kukigeuza kilevi kuwa uchachu. Kwa maoni yangu boha ya kunywa ni ya siku ya pili. Ya siku ya tatu wapo wanaoipenda, lakini anayekuuzia ya siku ya nne kwa bei ya boha ya siku ya pili anakudhulumu.

Joto la mahali linaharakisha hesabu hiyo. Boha inayokaa vizuri kwenye baridi ya Bungu itakimbia ikishushwa Mombo, ambako joto la bondeni halina utani. Ukitaka kuibeba, ibebe asubuhi na mapema, usijaze dumu hadi shingoni, na usikaze kifuniko. Chachu inaendelea kutoa hewa njiani, na dumu lililofungwa sana huvimba hadi likapasuka ndani ya basi.

Wabelgiji wana pombe inayofanana na hii kwa tabia. Inaitwa lambic, na hutengenezwa katika bonde la mto Senne, jirani na Brussels. Watengenezaji wake hawatii chachu ya kununua. Supu ya ngano na shayiri humwagwa kwenye sinia pana lililo wazi, ikaachwa usiku kucha ipoe na kupokea chachu za hewani, kisha huwekwa kwenye mapipa ya mbao kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mjini Brussels mwaka 1900, bado hufanya hivyo. Hupika kuanzia Oktoba hadi karibu na Aprili tu, kwa sababu wakati wa joto hewa hubeba vijidudu vingi vya kuharibu. Kwetu hakuna baridi ya kutulindia pombe mwaka mzima, kwa hiyo kinga yetu ni kuinywa kwa wakati wake. Tofauti hiyo isikufanye udharau boha. Mama wa Bungu anayetunza chachu ya mtungi mmoja hadi mwingine anafanya kazi ileile ya kufuga viumbe asivyoviona, na anavijua kwa harufu na povu.

Pombe ya nafaka na kazi ya kimea

Handeni ni nchi ya mahindi, na hapo mambo yanabadilika. Hindi lina wanga, na chachu haili wanga. Lazima wanga ugeuzwe sukari kwanza, na kazi hiyo hufanywa na kimea. Mpishi huloweka ulezi au mtama kwa siku moja, huufunika kwenye gunia bichi siku mbili hadi nne mpaka uote vijimizizi, huuanika juani na kuusaga. Ndani ya mbegu inayoota kuna vimeng'enya vinavyovunja wanga. Mbegu ilivitengeneza kwa ajili ya kulisha mche wake, mpishi akavichukua kwa ajili ya mtungi. Wabelgiji hufanya jambo hilohilo kwa shayiri.

Ukitaka kuelewa ufundi wa mpishi, mwangalie anapochanganya kimea na uji. Uji ukiwa unachemka, vimeng'enya hufa na pombe itabaki uji. Ukiwa umepoa kabisa, kazi inakwenda polepole na uchachu mbaya unawahi. Mpishi mzuri hungoja ukali wa moto upungue, lakini kidole bado kisistahimili kukaa ndani. Baada ya saa kadhaa, uji mzito huanza kulegea na kuwa mtamu bila kutiwa sukari. Hiyo ndiyo togwa, kinywaji ambacho watoto, wagonjwa na wasiokunywa pombe wanaweza kukifurahia kikiwa kibichi. Kama dini yako inakukataza kilevi, na wengi wa Handeni ni Waislamu, hapa ndipo unapoweza kuonja ufundi wa mpishi bila kuvuka mpaka wako. Uliza tu imetengenezwa lini, kwa sababu togwa ya juzi si togwa tena.

Ili iwe pombe, uji huo huchemshwa tena, huachwa upoe kabisa, kisha hutiwa kimea kingine kibichi, ambacho hubeba chachu, na hulazwa usiku mmoja au miwili. Huchujwa, machicha hupewa kuku au nguruwe, na wanywaji hukaribishwa. Pombe hii ni nzito na ina chakula ndani yake. Usiilinganishe na bia ya chupa kwa wepesi wake. Ilinganishe kwa harufu ya kimea kilichokaushwa vizuri na kwa uchachu uliotulia. Ikinuka kama nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi, kimea kiliota kuvu, na hapo rudisha kopo bila aibu.

Kangara

Kangara ni jamaa wa haraka. Hutumia pumba za mahindi kutoka mashineni, sukari au asali, maji na chachu, na huwa tayari kwa siku moja au mbili. Sifa yake ni kwamba pumba, ambazo zingetupwa au kulishwa mifugo, zinampatia mpishi kipato. Udhaifu wake ni kwamba ni rahisi kuifupisha. Kangara ya sukari tupu na hamira ya mikate italewesha, lakini haina ladha ya kukumbukwa. Muulize mpishi kama alikaanga pumba zake. Zilizokaangwa huipa pombe rangi ya kahawia na harufu ya mkate, na anayezikaanga kwa kawaida hafupishi hatua nyingine pia.

Wanzuki: asali ya misitu ya Handeni

Hapa Handeni ina mali ambayo haijatumiwa inavyostahili. Misitu ya miombo ya Handeni na ya jirani yake Kilindi hutoa asali nzuri, na wanzuki ni asali iliyochachishwa. Kipimo cha kuanzia ni sehemu moja ya asali kwa sehemu nne au tano za maji safi. Ukizidisha maji utapata kinywaji chepesi kinachochacha vibaya, na ukizidisha asali chachu itashindwa kazi. Jamii nyingi za Afrika Mashariki hutumia tunda kavu la mvungunya, ule mti wenye matunda marefu yanayoning'inia, kuhifadhi chachu kati ya mpiko mmoja na mwingine. Wakikuyu hupika muratina yao kwa namna hiyo. Tunda lina nyuzi na vitundu ambamo chachu hujificha na kulala, na likirudishwa kwenye asali mpya huamka.

Wanzuki haina haraka ya boha. Mpe mpishi siku tano hadi saba na upate kinywaji kikavu chenye harufu ya maua. Nguvu yake hupanda kulingana na asali iliyotiwa, na bila kipimo hakuna anayeweza kukuhakikishia asilimia. Safari ina kilevi cha asilimia 5.5 na Kilimanjaro 4.5, zimeandikwa kwenye chupa. Bia za watawa wa Kitrapisti wa Ubelgiji hufika mbali zaidi: Westmalle Tripel ina 9.5 na Rochefort 10 ina 11.3, ndiyo maana Wabelgiji huzinywa glasi moja polepole, wakiwa wamekaa. Wanzuki ya asali nyingi inastahili adabu hiyo. Inywe kwa kikombe kidogo, usiinywe kwa kopo la lita.

Kwa nini kilabu kimoja kina pombe tatu

Mgeni hushangaa kukuta karibu na shamba la mkonge pombe ambazo asili yake si Uzigua wala Usambara. Sababu ni historia. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba kama Magunga, Ngombezi na Mazinde yakavuta manamba kutoka pande za mbali za nchi na hata nje yake. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kupika. Kwa hiyo usikubali jibu la "ni pombe ya kienyeji tu". Uliza ni ya wapi. Mpishi ambaye bibi yake alitoka mbali atafurahi umeuliza, na huenda ndiye pekee aliyebaki akiipika namna hiyo.

Mnazi nautaja kwa ufupi, kwa kuwa wenyewe wako chini kuelekea Muheza, Pangani na Tanga. Uliogemwa asubuhi unywe asubuhi. Kufikia jioni ni kinywaji kingine. Chibuku ya pakiti, ambayo asili yake ni Kitwe, Zambia, huendelea kuchacha ndani ya pakiti, hivyo soma tarehe na uitikise kabla ya kufungua. Pombe ya ndizi iitwayo Raha, kutoka Arusha, inatufunza kwamba pombe ya kienyeji inaweza kuingia kwenye chupa yenye lebo na ikauzwa mbali. Na ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni, watawa Wabenediktini wa Sakharani hutengeneza mvinyo wa zabibu katika milima hiyohiyo ya boha.

Chombo, nafaka na kifo

Sehemu hii isome mara mbili, hasa kama wewe ni mpishi.

Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni watu walisema ni sumu iliyotiwa kwa makusudi, hata nyongo ya mamba ikatajwa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo tofauti: unga wa mahindi ulikuwa umeharibiwa na maji ya mafuriko, na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alizalisha ndani yake sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 nchini kwetu, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao. Manyara ni mpakani kabisa na Kilindi. Wilaya inayolima mahindi haiwezi kusema jambo hilo haliihusu.

Kutokana na hayo, kanuni ni moja: mahindi ambayo usingempikia mtoto ugali, usiyapikie pombe. Desturi ya kupeleka nafaka iliyooza kwenye pombe kwa kuwa "moto utaua" ni ya hatari, kwa sababu moto huua kuvu lakini sumu yake hubaki. Baada ya mvua za masika kagua magunia, chambua punje zilizobadilika rangi, na kimea kaushe juani mpaka kikatike kwa jino.

Chombo nacho kina neno lake. Mtungi wa udongo, sufuria ya chuma cha pua na ndoo ya plastiki ya chakula vinafaa. Pipa lililobeba dawa ya mifugo, dawa ya pamba au mafuta ya mashine halifai hata ukilisugua mwezi mzima. Debe la bati lililopakwa zinki pia liache, kwa sababu uchachu wa pombe huyeyusha zinki na kuwatapisha wanywaji. Ukikuta pombe kwenye pipa usilojua historia yake, hilo ndilo swali lako la tatu, na jibu la kusitasita linatosha kukuondoa.

Gongo usiiguse. Kuipika bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Moshi ya mwaka 1966. Kubwa zaidi ni kwamba gongo mbaya hupofusha na kuua, na mnywaji hawezi kutofautisha nzuri na mbaya kwa macho wala kwa ulimi. Wala usidanganywe na viroba vya pombe kali vinavyouzwa kwa kificho, kwani vilipigwa marufuku Machi 2017. Mpishi wa pombe halali anahitaji leseni na choo safi kilabuni kwake. Mwananchi ana haki ya kudai vyote viwili.

Adabu ya kunywa

Fika kilabuni ukiwa umekula. Bada ya muhogo na mchunga huenda vizuri na boha, kwa sababu uchungu wa mboga hukata utamu wa muwa, na mishkaki yenye chumvi inaifaa pombe ya nafaka. Wanzuki inywe na muhogo wa kuchoma. Msalimu mama kabla hujaagiza, kaa, na ungoje aonje mwenyewe. Desturi ya mpishi kuonja kwanza mbele ya mgeni ni ya zamani na ina busara yake: anakuonyesha kwamba anasimama nyuma ya mtungi wake. Asipoonja, mwombe kwa heshima, "mama, tuonje pamoja."

Ukiwa na mimba, ukiwa kwenye dozi ya kifua kikuu, au ukiwa umepewa Flagyl, omba togwa mbichi badala yake. Na kama ulikuja kwa bodaboda, usiendeshe kurudi. Barabara kuu ya Segera hadi Mombo ina malori usiku kucha.

Ukisharidhika, muulize mama jina lake na jina la aliyemfundisha, kisha andika: nafaka gani, maji ya wapi, siku ngapi, chachu ilitoka kwa nani. Daftari la shule linatosha. Wabelgiji walipopeleka ombi lao UNESCO walikuwa na vitabu, vyuo na vyama vya wapishi vya kuwasemea. Boha ya Bungu na wanzuki ya Handeni kwa sasa zina wapishi wazee na wewe uliyekaa mbele yao. Andika wakiwa hai.